Mota ya Mlango wa Bi Zuwena

Maskati, Ijumaa alasiri

Mama Safia,

Kaa kitako kwanza. Kama una kitu mkononi, kiweke chini. Mimi Wario, mume wako wa halali, mchungaji mstaafu wa uwanda wa Garsen na dereva wa Bi Zuwena hapa Maskati, ninayo heshima kubwa kukutangazia wewe na ukoo mzima, walio nyumbani na walio malishoni, kwamba mlango wa gereji ya nyumba hii sasa unafunguka wenyewe. Unabonyeza kidude kidogo kama kiberiti, na mlango unapanda juu taratibu kama pazia la bibi harusi. Na nani aliyeichagua mota inayouinua? Mimi. Usipige vigelegele sana, majirani wasije wakadhani nimeongeza mke.

Nikisema gereji, usifikirie ile ya mafundi kando ya barabara ya Malindi, yenye oili chini na redio juu. Huku gereji ni chumba cha gari. Gari lina chumba chake, lina taa yake, na sasa lina mlango unaolitii. Mimi chumba changu bado kina mlango wa kusukuma kwa bega.

Baada ya tangazo hilo, salamu. Hujambo wewe? Kile kiuno kimeacha kukusumbua? Mama bado anasema chai ya siku hizi haina maziwa, au ng'ombe wameanza kumtendea haki? Nilisikia mvua ilionekana upande wa Hola ikageuka kama mgeni aliyekosea nyumba. Mimi ni mzima, alhamdulillahi. Nakula, nalala. Ila siwezi kutulia. Nikikaa nasimama, nikisimama natembea mpaka barazani, nikifika barazani nasahau nilifuata nini, narudi. Bi Zuwena ameniuliza kama nina mchango tumboni.

Barua hii unaletewa na Dido, yule mpaka rangi wa Hola. Yeye amemaliza mkataba wake, anarudi. Nimeamua kuandika kwa sababu mimi na wewe kwenye simu hatuongei, tunahutubia. Unaweka sauti ya wazi, mama anauliza joto la huku, Safia anataka viatu, kaka anakohoa kwa nyuma ili nijue yupo, nami namjibu kila mtu isipokuwa wewe. Lakini siku ile ulipoizima sauti ya wazi ukatoka nje na simu, nilijua. Nilisikia hata mbuzi nyuma yako. Ulisema, "Mkataba ukiisha, unatia saini tena au unarudi? Nataka neno moja, sitaki hadithi. Lango la zizi lina mwenyewe, na mikono yangu imechoka na miiba."

Nikasema inshallah, mtandao ukakatika.

Swali lako ninalo. Natembea nalo, naendesha nalo gari. Nitalijibu. Lakini ngoja nikupe habari ya mlango kwanza, maana haina madhara.

Ilianza hivi. Bi Zuwena unamjua kwa kumsikia: mjane, mtu mzima sana, alizaliwa Unguja akaletwa huku msichana, na Kiswahili chake ni safi kiasi kwamba changu cha Garsen kikisimama mbele yake kinavua viatu. Chumba chake cha kulala kiko juu ya gereji. Mlango wenyewe ni wa chuma, unapanda kwenye reli mbili na kulala chini ya dari. Tangu nije nimekuwa nikiuinua kwa mikono, gari likitoka na likiingia, nikijisifu moyoni kwamba kwa umri wangu bado nina mgongo. Siku moja nilipouinua nikaguna. Si guno kubwa. Guno la mtu anayeokota sindano. Kumbe juu lilifika.

Tulipokuwa tunakunywa kahawa akaniambia nitafute mota ya mlango ule, nichague mwenyewe, kwa kuwa mimi ndiye ninayeujua. Kisha akasema, kama mtu anayezungumza na kikombe: "Siku usipokuwepo, mimi nitauinua na nini?"

Siku usipokuwepo. Neno hilo liliniingia kama mwiba kwenye kandambili. Alimaanisha nikienda likizo? Au amenichoka? Au ameniona? Maana siku hizo hizo alikuwa ameniuliza, kwa upole wake, kama nitatia saini mkataba mwingine, nami nikamwambia inshallah. Kwa hiyo nina inshallah moja Garsen na nyingine Maskati, na wanawake wawili wanazingoja, na Mwenyezi Mungu aliyetajwa katika zote mbili ananitazama tu.

Basi nikaenda Ruwi, kwenye duka la Shaji. Shaji ni Mhindi wa Kerala, anauza milango ya namna hii na kuifunga. Tunaelewana kwa Kiarabu kibovu cha pande zote mbili. Alinionyesha mota zake zimepangwa sakafuni, nami nikafanya kama tunavyofanya siku ya mnada pale nyumbani. Nikazizunguka. Nikazipiga mgongoni kwa kiganja. Nikainua moja, nikaiweka, nikaangalia nyingine kwa mbali nikiwa nimefumba jicho moja. Halafu nikaonyesha kubwa kuliko zote, ambayo ungesema inaweza kuvuta lori kutoka kwenye matope ya Bangale, nikasema hii.

Shaji hakuipelekea mkono. Aliuliza kama nikiuinua mlango wetu nusu na kuuachia, unabaki hapo au unaanguka. Nikamwambia sijawahi kuuachia. Akaniambia niende nikauachie.

Niliuachia. Mama Safia, Mungu ni mkubwa na mguu wangu ni mwepesi. Ulishuka kwa kishindo hata vikombe vya jikoni vikalia, na huko juu nikamsikia Bi Zuwena akitamka shahada. Shaji akaja na ngazi, akachungulia zile springi nene zilizo juu ya mlango, akatikisa kichwa. Zimekufa zamani. Akanieleza kwamba uzito wa mlango haubebwi na mota hata siku moja, unabebwa na springi. Mota kazi yake ni kuongoza tu. Ukiweka mota kubwa kwenye mlango wenye springi mbovu, itavuta na kuvuta mpaka ijivunje.

Hilo nililielewa haraka kuliko alivyotegemea. Hakuna mchungaji anayebeba ng'ombe. Ng'ombe anajibeba, wewe unamwonyesha njia. Akishalala chini kwa kiangazi, hata mlete kijiji kizima kumwinua, mtamsumbua tu. Kilichonichoma ni kingine: ule mgongo niliojisifia, kumbe nilikuwa nafanya kazi ya vyuma vilivyokufa.

Springi mpya zikafungwa. Mlango ukiuachia nusu, unakaa pale pale, unakutazama. Sasa ndipo tukaanza kuchagua kwa akili. Kuna mota ya mnyororo, kama wa baiskeli, ina nguvu na haikuombi mengi, lakini sauti yake ni ya mtu anayekokota sufuria kwenye changarawe, na hewa ya bahari huku inakula chuma kama mchwa. Fikiria Bi Zuwena amelala juu yake. Ipo nyingine inayofungwa ukutani kando ya mlango, haigusi dari kabisa. Hiyo niliipenda mpaka nikaota nayo, lakini ukuta wetu upande ule umejaa mabomba ya maji. Tukaishia kwenye ya mkanda. Mkanda wa mpira, ndani una nyuzi ngumu, unateleza kimya kama paka aliyeiba. Nguvu ya kadiri. Ile kubwa ya kuvuta malori niliiaga kwa macho.

Tukabishana kuhusu betri. Shaji alisema umeme hapa haukatiki, betri ya nini. Nikamwambia mimi nimetoka Tana. Mtu aliyeona mto ukiingia jikoni bila hodi haulizwi kwa nini anataka betri. Akafunga. Nikamtaka pia aishushe ile kamba nyekundu, ambayo ukiivuta mota inauachia mlango uuinue kwa mkono, ifike urefu wa Bi Zuwena. Mtoto wake aliye Suhar akapiga simu akitaka mota ya kuendeshwa kwa simu, ili aweze kutufungulia kutoka huko aliko. Bi Zuwena alisema aliyezaliwa na yeye hatamfungulia mlango wake akiwa mkoa mwingine. Hilo likaisha.

Mwisho ni macho. Chini kabisa, kwenye usawa wa muundi, kuna vitu viwili vidogo, kimoja kila upande wa mlango, vinatazamana. Kitu kikipita katikati yao, paka, mtoto, mguu, mlango hukataa kufunga na hurudi juu. Nikamuuliza Shaji kama yataona mwanambuzi. Akasema hapa hakuna mbuzi. Nikamwambia mbuzi wapo kila mahali, ni kuchelewa tu. Na kwa kuwa Bi Zuwena anaogopa wezi na paka kwa kiasi kimoja, tukauweka mlango ujifunge wenyewe muda mfupi baada ya gari kuingia.

Siku ya kwanza ulifanya kazi asubuhi, nikatembea uani kama mtu aliyetoa mahari. Jioni ukakataa. Ulishuka kidogo, taa ikapepesa, ukarudi juu. Ukashuka, ukarudi. Shaji akaja kesho yake asubuhi, ukapanda na kushuka kama mtoto wa madrasa mbele ya mwalimu. Jioni ukakataa tena. Akaja akayafuta macho. Jioni ukakataa. Akaja akayabadilisha macho, akaweka mapya. Jioni, vilevile. Akaanza kuniuliza kwa sauti ya chini nyumba hii ilijengwa juu ya nini, na Bi Zuwena akafukiza ubani gereji nzima mpaka gari likanuka kama harusi. Unanijua. Nikinunua ng'ombe akaugua, mimi ndiye ninayekosa usingizi, ng'ombe analala. Nilikuwa nimechagua mimi, kwa mdomo wangu.

Lakini mota imepona. Sasa inafunga asubuhi na jioni, haina neno, na Shaji ameniambia nikichoka kuendesha niende nikauze dukani kwake.

Basi nisalimie mama, mwambie ile dawa ya magoti Dido anayo, asiipake machoni. Msalimie kaka Guyo, mkubwa wangu, mwambie nimekisikia kikohozi chake. Shangazi Dhahabo, aliyenilea nilipoachishwa ziwa, mbusu mkono kwa niaba yangu. Safia mwambie viatu vimo, na vikimbana avivae hivyo hivyo kwa adabu. Mjomba Bonaya wa Madogo akipita na mifugo yake, mwambie bado sijasahau yule beberu, na yeye asijifanye amesahau.

Nilitaka kutia jina langu hapa. Dido amesema atapitia barua baada ya Magharibi, na karatasi inakwisha. Lakini nimeisoma niliyoandika, nikaona nimekueleza springi, mkanda, kamba na ubani, nikaruka namna mota ilivyopona. Nimeruka kwa makusudi. Ngoja nikuambie ilivyokuwa, nisikurembee.

Shaji alichoka kuja asubuhi, akaja jioni. Akasimama ndani, kwenye kona, na vifaa vyake. Bi Zuwena akashuka akakaa kwenye ngazi na shela yake. Mimi nikaingiza gari, nikazima, nikateremka. Mlango ukaanza kushuka. Taa ikapepesa, ukarudi juu. Ukaanza tena, ukarudi. Shaji akawa anatazama mota. Bi Zuwena alikuwa ananitazama mimi.

"Wario."

"Naam, Bi."

"Unangoja nini hapo?"

Nikajitazama. Halima wangu, nilikuwa nimesimama katikati ya mlango. Gari liko mgongoni kwangu, uso wangu uko barabarani. Mguu mmoja ndani, mmoja nje, mkono umeshika nguzo ya mlango. Unaujua msimamo huo. Ndivyo alivyosimama baba langoni kila jua likizama, na babu kabla yake: mwenye zizi husimama mwenyewe, ng'ombe wanampita mmoja mmoja wakimsugua paja, na hata watoto wakimwambia wameisha, hatoki wala havuti tawi la mgunga la kuzibia lango mpaka amwone wa mwisho kwa macho yake. Nilikuwa nafanya hivyo kila jioni tangu mota ifungwe, na wallahi sikujua. Zamani nilikuwa nikifika nauvuta mlango kwa mikono, naondoka zangu. Mota ilipoichukua kazi ya mikono, miguu ikakumbuka kazi yake ya zamani. Na muundi wangu ulikuwa katikati ya yale macho mawili. Mota haikuwa mbovu. Ilikuwa inakataa kumfungia kiumbe hai, kama tulivyoinunua ifanye.

Shaji alicheka kwa lugha yao mpaka akakaa juu ya sanduku la vifaa. Bi Zuwena hakucheka.

"Hapa hakuna ng'ombe anayekuja, mwanangu," alisema. "Ama ingia, ama toka."

Sikufikiri. Ningefikiri ningeingia, kwa kuwa chakula changu kilikuwa ndani. Nilitoka. Mlango ukashuka nyuma yangu, nao kwa kuwa mkanda niliuchagua mimi, sikusikia kitu; nilipogeuka nikakuta chuma. Nimebaki barabarani Maskati na kandambili, rimoti iko ndani ya gari. Nikasimama pale. Jua lilikuwa limekwenda. Nikakuona wewe, sasa hivi, saa hiyo hiyo, unakokota tawi la mgunga peke yako, unasimama mahali ninaposimama mimi, unawangoja waishe.

Nikagonga mlango mdogo, nikapiga hodi. Alikuja kufungua mwenyewe. Nikamwambia kabla sijavuka kizingiti, "Bi, mkataba sitatia saini."

Akasema, "Nilidhani ungesema kabla hatujanunua mota." Akapanda juu, na chai hakushuka kunywa. Kesho yake ndani ya gari alizungumzia matuta ya barabarani tu. Usidhani amefurahi. Usidhani mimi nimefurahi. Mwanamke huyu amenilisha kama mtu wake. Mpaka jana ndipo aliposema, akitazama dirishani, dereva atakayekuja nimfundishe ile kamba nyekundu. Nikasema naam. Hapo ndipo aliponipa ruhusa ya kuondoka.

Sasa neno moja ulilolitaka: narudi. Mkataba ukiisha, kabla ya masika, inshallah ya kweli, si zile nyingine mbili. Na mtandao siku ile haukukatika, Halima. Niliukata mimi. Niliogopa. Bado naogopa. Ng'ombe niliowaacha wengi kiangazi kimewachukua, waliozaliwa hawaijui sauti yangu, na lango hilo wewe unalijua kuliko mimi sasa. Sirudi kwa ushujaa. Miguu imetangulia, nami naifuata.

Usiwasomee hii yote. Wasomee mpaka kwenye beberu wa mjomba, na kwamba narudi mama mwambie mwenyewe faraghani.

Na jioni nitakayofika, tawi la mgunga liache pale pale lilipo, usilivute. Niache nisimame langoni. Wakishaingia wote, ukiniona bado nimesimama natazama nje, njoo uniulize kama alivyoniuliza Bi Zuwena. Nitaingia.

Wako,
Wario, Baba Safia